Usingizi wa Mama Bushra

Mtu akisukwa na mkono unaoijua kazi, analala. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kujisifu najisifu. Nimewalaza wake za wafanyabiashara, nimewalaza walimu, nimemlaza muuza samaki mmoja aliyekuwa ananiapia kwamba tangu azaliwe hajawahi kusinzia mchana. Anakaa chini kwenye kigoda, mgongo kauegemeza kwenye magoti yangu, nami napasua njia ya kwanza kwa ncha ya kitana. Mabega yanashuka. Shingo inakuwa nzito. Mstari wa nne haujaisha, mwenyewe hayupo tena, nimebaki na kichwa chake tu mikononi.

Na wakishafika huko waendako, wanaongea. Wasusi wenye haraka hawajui hili, maana wanasuka huku wamevaa spika za masikioni. Mimi nasikiliza. Nimemsikia mwanamke wa Kibaoni akimfukuza mbuzi kwa Kipimbwe. Nimemsikia mwalimu mmoja, mkali kweli kweli huyo, watoto wakimwona wananyamaza toka getini, akimwomba mtu chumvi kwa Kifipa, kwa sauti ya kitoto. Kiswahili usingizini ni nadra hapa kwetu. Tunakivaa asubuhi pamoja na viatu, tukilala tunakivua.

Naitwa Bernadetha. Nilikuwa nasuka kwenye saluni ya Dada Cecilia, mtaa wa nyuma ya stesheni ya treni, Mpanda mjini. Ni chumba kimoja chenye vioo viwili na feni inayozunguka siku inazopenda yenyewe. Mlangoni kuna pazia zito la maua mekundu, Dada Cecilia aliliweka ili wateja wanaojistiri wavue mitandio bila wasiwasi. Jua la mchana likipiga lile pazia, chumba chote kinakuwa chekundu, ukuta mwekundu, mikono yangu myekundu, na watu waliosinzia wanaonekana kama wako chini ya maji. Oktoba, mvua haijafika, moshi wa mapori yanayochomwa unaingia kidogo kidogo pamoja na harufu ya mafuta ya nazi. Nilikuwa naipenda saa ile kuliko kitu chochote duniani, na sioni aibu kusema.

Juu ya kioo kikubwa kulikuwa na karatasi. Dada Cecilia aliiandika mwenyewe kwa kalamu nene nyekundu, akaipaka gundi mpaka ikavuja pembeni: HAPA NI KISWAHILI TU. LUGHA YA KIGENI MBELE YA MTEJA NI MARUFUKU.

Lugha ya kigeni maana yake ilikuwa mimi. Mwenzangu Doto alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu kwa Kisukuma nusu ya siku, wala hakuna aliyemkemea. Dada Cecilia mwenyewe, akiingia mzungu wa kutoka mbugani Sitalike anayetaka kusukwa vishanga, alikuwa anaruka na Kiingereza chake cha welkam madam, plizi madam, mpaka yule mzungu anamwomba kwa Kiswahili apumzike. Hizo hazikuwa za kigeni. Cha kigeni kilikuwa Kirundi.

Mimi nimezaliwa Katumba, hapo tu, mwendo wa pikipiki kutoka mjini. Bibi yangu alikuja akikimbia vita akiwa msichana, akapewa eneo porini, akafyeka, akapanda mihogo, akazaa, akanilea mimi baada ya mama yangu kufariki. Kirundi ndicho alichoninyweshea uji. Burundi sijawahi kuiona. Ukiniuliza hiyo lugha ni ya ugenini wapi, nitakupeleka nikuonyeshe nyumba ya bibi, shamba lake na kaburi lake, vyote viko Mkoa wa Katavi. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi nikiwa na hasira huwa nasuka tu kwa kukaza, mteja ndiye anayelipia.

Sasa nieleze ile karatasi ilikujaje, maana hapo ndipo mambo yote yalipo.

Kulikuwa na mteja wetu mmoja, Mama Bushra. Jina lake Hadia, mke wa Nassib mwenye duka la vitambaa na nyuzi karibu na soko. Mwanamke mrefu, mpole, mwenye kunukia udi, anayetembea polepole utafikiri amebeba sufuria ya maziwa kichwani. Watu wote walijua ni Mnyamwezi wa Tabora, Nassib alimwoa huko akaja naye. Alikuwa hasukwi na mtu mwingine ila mimi. Na katika wateja wangu wote, hakuna aliyelala kama yeye. Wengine walikuwa wanasinzia. Yeye alikuwa anazama.

Siku hiyo, mwaka jana, alikuwa amezama hivyo hivyo, mtandio umekunjwa mapajani, feni imegoma. Doto alikuwa anamwosha mtu nywele kule nyuma. Nikasikia sauti nyembamba, inatoka chini kabisa, sauti ya mtu anayeita akiwa ng'ambo ya bonde.

"Mama, uri he?"

Mama, uko wapi. Kirundi cha Katumba hicho, kilichonyooka, kile kile cha bibi yangu. Vidole vyangu vikasimama. Akauliza tena, mara hii kwa nguvu, na machozi yakamtoka huku macho yamefumba. Alipouliza mara ya tatu sauti yake mwenyewe ikamwamsha. Akashtuka, akashika kichwa, akatazama huku na huku kwenye ule wekundu.

"Nani anaongea Kirundi humu?" akasema. "Nimelala, nyie mnanisengenya kwa lugha zenu?"

Sauti alikuwa ameisikia, maskini, ila hakujua imetoka kwake. Au alijua. Mpaka leo siwezi kukuambia kwa uhakika, na sidhani kama siku ile hata yeye angeweza. Dada Cecilia akatoka mbio na taulo mkononi, akaomba radhi, akanitazama mimi, kwa sababu nani mwingine. Mimi nikanyamaza. Ningesema nini? Mama wa watu, mke wa Nassib, nimwambie mbele ya wateja kwamba wewe ndiye uliyekuwa unamlilia mama yako kwa Kirundi? Kesho yake karatasi ikabandikwa. Dada Cecilia akatuambia ukionywa mara mbili, ya tatu ni mlango.

Onyo la kwanza nililipata kwa bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kusukwa. Alinisalimia mwaramutse, na mimi, mtoto niliyelelewa, nikamjibu. La pili nililipata kwa msichana aliyekuwa analia kwa maumivu, nywele zake ngumu, nikamwambia ihangane, vumilia. Neno moja! Dada Cecilia akainua kidole akakielekeza kwenye karatasi. Si mtu mbaya, Cecilia. Alinichukua nikiwa sijui kufanya chochote zaidi ya mabutu ya watoto wa shule. Ila anaogopa wateja kuliko anavyomwogopa Mungu.

Kwa hiyo nikabaki na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kile kigoda na ule mchana mwekundu ndiyo yalikuwa maisha yangu. Kaka yangu alikuwa ameshaniambia nikirudi Katumba jembe langu lipo nyuma ya mlango, na kuna mgane mwenye ng'ombe wengi anayeniulizia kila Jumapili baada ya misa. Sina ugomvi na jembe. Yule mgane simtaki hata kwa dawa.

Basi Oktoba ikafika, na Bushra akapata mchumba. Harusi ikapangwa Ijumaa. Alhamisi saa nane mchana mama yake akaingia saluni, akavua mtandio, akakaa kwenye kigoda changu.

"Bernadetha mwanangu," akaniambia, "leo nisuke nipendeze. Namwoza binti yangu."

"Leo nitakusuka mpaka bibi harusi aone wivu, mama."

Akacheka. Nikapasua njia ya kwanza.

Doto alikuwa ametumwa sokoni kununua rasta. Dada Cecilia alikuwa uani anachemsha maji ya kuchovyea ncha za nywele zikishasukwa. Feni ilikuwa inazunguka polepole, inatikisa pazia, na wekundu ulikuwa unakuja na kuondoka ukutani. Mbali kule stesheni treni ikapiga honi moja ndefu, halafu kimya. Mabega ya Mama Bushra yakashuka. Nilisuka upande wa kulia wote bila kujitambua, mistari miembamba inayopinda kuelekea sikioni, na mahali fulani kati ya mstari na mstari nadhani hata mimi niliondoka kidogo. Nilikuwa naona mihogo. Nilikuwa naona lile bonde la Katumba asubuhi, ukungu umejaa, watu wanaitana bila kuonana, kila mtu anajibiwa na sauti tu.

"Mama, uri he?"

Nikasuka.

"Mama, uri he?"

Akaanza kulia. Hakulia kama mtu mzima. Alilia kama mtoto aliyeamka nyumbani akakuta hakuna mtu, kile kilio cha kuvuta pumzi ndani, na kichwa chake kikawa kinatetemeka kwenye vidole vyangu. Karatasi ilikuwa pale juu ya kioo, naiona. Nilijua kabisa ya tatu ni mlango. Lakini nani anaweza kushika kichwa cha mtu anayelia hivyo akakaa kimya? Mimi siwezi. Nikamwinamia sikioni, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya bibi, nzito na ya taratibu.

"Ndi hano, mwana wanje," nikasema. "Ntaho nagiye."

Niko hapa, mwanangu. Sijaenda popote.

Kilio kikakatika pale pale. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha, uso wake wote ukalegea. Halafu akafungua macho, akaniona kwenye kioo, na nyuma yangu kwenye kioo hicho hicho tukamwona Dada Cecilia, amesimama na sufuria ya maji yanayofuka.

"Bernadetha," akasema Dada Cecilia. "Mteja amelala, wewe unamnong'oneza Kirundi sikioni? Unamfanyia nini?"

Alikuwa amesikia sauti yangu tu. Ile nyingine hakuisikia.

Nilimtazama Mama Bushra kwenye kioo. Alikuwa ameelewa, safari hii nina uhakika. Midomo ilikuwa imemkauka na macho yake yalikuwa yananiomba waziwazi. Kesho binti yake anaolewa, ukoo mzima wa Nassib unakuja, na miaka yote wanajua wamechukua mke Tabora. Neno moja langu lingetosha. Lilikuwa hapa kwenye ulimi, linachoma, maana na mimi nilikuwa na cha kupoteza.

"Nimejisahau, Dada," nikasema.

"Ya tatu hiyo."

"Najua."

"Kabidhi kitana kwa Doto akirudi, amalizie."

Hapo lazima ujue jambo letu sisi wasusi wa mtaa ule. Kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja hakimaliziwi na mwingine, mpaka yule aliyeanza amkabidhi mwenzake kitana mkononi na kumwambia nimekuachia. Bila hivyo mteja hakubali kuguswa. Wengine wanasema nywele zitakatika, wengine wanasema kichwa kitamuuma mtu mpaka mistari ifumuliwe. Kweli ama si kweli, hata Dada Cecilia hathubutu kwenda kinyume.

Nami hasira ilikuwa imeshanipanda. Nikavua aproni, nikaitundika, nikakifuta kitana changu kwa pindo la kanga.

"Kitana ni changu," nikasema. "Na sijamwachia mtu."

Nikapasua lile pazia jekundu nikatoka. Nje kulikuwa na jua jeupe, linaumiza, na nilikuwa nimefika kona ya stesheni ndipo nikagundua ninalia.

Nilikuwa nimepanga chumba Makanyagio, kwenye nyumba yenye ua mmoja na wapangaji wengi. Wanawake walikuwa uani wanafua, wakanisalimia, nikaitikia bila kusimama. Nikatoa begi chini ya kitanda. Kufungasha hakukuwa kazi, vitu vyenyewe vichache. Nilikunja gauni, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilikuwa najiuliza nitamwambia nini kaka, na yule mgane atavaa lile shati lake la kijani Jumapili au atavaa lingine. Nilikuwa namchukia Mama Bushra. Nalisema wazi, nilimchukia, na mimi ndiye niliyemficha.

Mlango ukagongwa, ukafunguka polepole. Alikuwa yeye. Mtandio ameuzungusha kichwani na shingoni mpaka kidevuni, vumbi la barabara limejaa kwenye viatu vyake vizuri, pumzi juu juu. Alikuwa ametembea kwa miguu toka stesheni, mke wa Nassib, jua la saa tisa.

"Nimewaambia sishikwi na mkono mwingine, Doto akanielekeza kwako," akasema.

Akafunga mlango nyuma yake, akavua mtandio. Upande wa kulia ulikuwa umepangika vizuri, upande wa kushoto nywele zilikuwa wazi, zimesimama. Ungecheka, kama ungekuwa na moyo wa kucheka. Akatafuta kigoda, hapakuwa na kigoda, akakaa chini kwenye mkeka mbele ya kitanda changu, mgongo kanipa, akangoja.

Wewe ungefanya nini? Nilikaa kitandani, nikashika kitana.

Nilisuka mistari miwili. Dirisha langu lina kipande cha kitenge badala ya pazia, cha bluu, na kwa hiyo chumba kile ni cha bluu kama saluni ilivyo nyekundu. Nje wanawake walikuwa wanapiga nguo kwenye beseni na kucheka. Safari hii Mama Bushra hakulala. Nilikuwa nauona mshipa wa shingo yake unavyopiga.

"Mimi ni wa Katumba," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Kanisani niliitwa Esteria. Nilienda Tabora kufanya kazi za ndani kwa watu, Nassib akanikuta huko, nikamwambia kwetu ni huko. Nilikuwa naona aibu ya neno mkimbizi, wewe unalijua hilo neno. Nikadhani tutakaa Tabora. Halafu akasema tunahamia Mpanda, kuna biashara."

"Mungu ana mambo," nikasema, maana sikujua lingine la kusema.

"Miaka ile watu wa Katumba walipoulizwa, nani anarudi Burundi na nani anabaki awe raia, mama yangu akachagua kurudi. Alisema anataka kuzikwa kwenye kilima chao. Akaja dukani kuniaga. Sijui nani alimwelekeza. Kavaa kitenge kipya, kajipaka mafuta. Bushra alikuwa mdogo, nilikuwa nimembeba mgongoni. Mama akaingia, akaniona, akafungua mikono, akasema amahoro, mwana wanje, amani kwako mwanangu."

Nilikuwa nimeacha kusuka.

"Nassib alikuwa pale. Mama mkwe alikuwa pale, na wateja. Nikamwambia, karibu mama, tukuhudumie nini?"

Nje mtu alimwaga maji.

"Akanitazama, Bernadetha. Hata hakukasirika. Akashusha mikono. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuungaunga, nataka uzi mweusi. Nikampimia. Nikamfungia kwenye karatasi. Akamtazama mtoto mgongoni, hakumgusa. Akaniambia, asante mama. Mama yangu mzazi akaniita mama, vile mteja yeyote anavyomwita mwenye duka. Akatoka. Magari ya kuwarudisha yaliondoka wiki hiyo hiyo."

"Yuko hai?"

"Sijui. Nikilala namtafuta. Najua ninavyoita, nadhani siku zote nilijua. Siku ile nilipowasema nyie, nilikuwa naogopa tu." Akajifuta uso kwa mtandio. "Leo akanijibu. Miaka yote ile namwita, leo akanijibu, akaniambia hajaenda popote. Nikaamka nikakuta ni wewe. Halafu nikakaa pale nikakuangalia unavyofukuzwa, nikakaa kimya. Mara ya pili hiyo. Mara ya pili, mwanangu."

Chuki niliyokuwa nayo sikujua imeenda wapi. Niliitafuta, sikuiona. Niliweka mkono wangu kichwani kwake, upande ule ambao haujasukwa, na tukakaa hivyo kwenye ile bluu.

Ndipo mlango ukagongwa tena. Akaingia Dada Cecilia, jasho linamtiririka, amekumbatia ile sufuria ya maji kwa matambara mawili. Nyuma yake wanawake wa uani wamesimama wanachungulia, maana wageni wawili wa maana kwa siku moja chumbani kwangu ilikuwa sinema.

"Mama Bushra, nimeleta maji ya kuchovyea," akasema, hanitazami mimi. "Harusi ni kesho, huwezi kwenda hivyo. Huyu amalizie tu, hata kama si kwangu. Lakini mama yangu, usiwe na wasiwasi. Ile lugha hutaisikia tena saluni kwangu."

Nikahisi mgongo wa Mama Bushra unanyooka kwenye magoti yangu. Mlango ulikuwa wazi. Alitazama zile nyuso zote, majirani zangu na mapovu yao mikononi, moja moja, na mimi nikajua anafanya hesabu ninayoifanya mimi. Kabla ya magharibi habari ingefika sokoni. Kabla ya isha ingefika kwa Nassib. Nikamminya bega, kumwambia basi, nyamaza, yangu yameshaisha.

"Lugha ile ni yangu," akasema.

Dada Cecilia akabaki na sufuria.

"Siku ile ya kwanza aliyeongea ni mimi, nikiwa usingizini. Na leo ni mimi. Bernadetha ananijua siku zote, hajanitaja. Leo alinijibu tu, kwa sababu nilikuwa nalia."

"Mama Bushra, wewe si wa Tabora?"

"Mimi ni Esteria wa Katumba. Mume wangu nitamwambia mwenyewe leo, asisikie kwenu. Na kesho binti yangu atajua bibi yake anaitwa nani." Sauti yake ilikuwa inatetemeka lakini haikushuka. Halafu akaegemea tena magotini kwangu, akafumba macho, na akasema kwa nguvu, ua mzima ukasikia, "Bandanya, mwana wanje."

Mtoto mmoja huko nje alipiga chafya.

"Anasemaje?" Dada Cecilia akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Anasema niendelee."

Dada Cecilia akaiweka sufuria chini. Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye begi langu lililofungwa nusu, akajipepea kwa lile tambara.

"Ile karatasi sijui nitaibandua na nini," akasema hatimaye. "Gundi nilipaka nyingi mno. Kesho wewe uje mapema unisaidie kukwangua."

Nikamwitikia kwa kichwa. Nikapasua njia, nikaanza mstari mwingine, na wanawake wa uani wakarudi kwenye mabeseni yao wakinong'ona. Kabla sijaufikisha mstari ule sikioni, mabega ya Mama Bushra yakashuka, shingo ikawa nzito, akazama.

Nilisuka kwa mkono mwepesi, sikio nimelitega, jibu nimeliweka tayari mdomoni. Nilisubiri mpaka mstari wa mwisho. Hakuuliza.